Feleji Isiyoshika Kutu

Kila kisu kina maadui wawili: ubutu na kutu. Tangu zamani, fundi aliyemfukuza mmoja mara nyingi alimfungulia mlango mwenziwe.

Mwaka 1868 Robert Mushet, Mwingereza, alitia tangsteni katika feleji, akapata chombo kigumu cha kukatia chuma. Kutu ikabaki. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Harry Brearley alikuwa akitafuta feleji ya mitutu ya bunduki isiyolika upesi. Alitia kromiamu karibu sehemu 13 katika 100, akaona kwamba feleji ile haikudhuriwa na siki. Akawaza visu vya mezani. Wafua visu wa mji walimcheka, kwani feleji hiyo ilikuwa na taabu kufuliwa na kunolewa.

Pana taabu nyingine. Ukizidisha madini na makaa ili makali yadumu, feleji iliyoyeyushwa hupoa polepole, na chembe zake ngumu hukusanyika mabonge. Chombo huvunjika mithili ya kigae. Dawa ilipatikana Marekani na Uswidi karibu na mwaka 1970. Feleji iliyoyeyuka hupulizwa kwa gesi yenye nguvu hata ikawa unga. Kila punje hupoa mara moja, chembe zisipate wasaa wa kukusanyika. Kisha unga hutiwa katika kopo la chuma, ukashindiliwa motoni hata ukawa kitu kimoja.

Basi ubora wa feleji si wingi wa madini tu, bali ni kuenea kwake sawasawa.