Shahidi Aliye Chini ya Usukani

Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 iliwasili Korogwe mwaka 1902, na pamoja na mabehewa yake ikaleta katika bonde la Mto Pangani maarifa ya chuma na mvuke. Mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka ule ule wa 1893, ukaenea pande hizo hata kila shamba kubwa likahitaji karakana yake, maana korona, ile mashine inayoparuza majani yakabaki nyuzi, ikisimama, wakataji na waanikaji husimama nayo. Handeni, iliyoachwa kando na reli, ilitegemea barabara ya vumbi, na lori lililoharibikiwa porini halikuwa na tegemeo isipokuwa dereva, utingo wake, na fundi aliye karibu.

Fundi wa zama hizo alikuwa msikilizaji kwanza. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni, akapambanua mlio wa vali na mlio wa beringi. Alitazama rangi ya moshi, akanusa petroli, akachomoa waya za plagi moja baada ya moja mpaka akaipata silinda isiyofanya kazi. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Saidia fundi aliirithi kwa kushika taa na kukabidhi spana miaka mingi.

Serikali iliporuhusu, mwaka 1984, watu waagize bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na biashara ikazidi kufunguliwa katika miaka iliyofuata, magari yaliyokwisha kutumika Japani yalianza kuingia kwa wingi, na pamoja nayo injini zisizo na kabureta, zinazoongozwa na kompyuta ambayo mafundi waliiita kontroli boksi. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 mlikuwa na kisanduku chini ya boneti. Fundi aliunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili, TE1 na E1, akawasha swichi bila kuwasha injini, kisha akaihesabu taa ya injini kwenye deshibodi ikipepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatua, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ilikuwa 22, yaani kuna hitilafu katika sensa ya joto la maji au waya zake. Hivyo jicho likaja kulisaidia sikio.

Wakati huohuo, huko Marekani, jimbo la California lililosumbuliwa na moshi wa magari lilikuwa limekwisha kudai kwamba gari lijipime lenyewe, na kuanzia magari ya mwaka 1996 nchi nzima ikalazimisha mtindo mmoja wa tundu lenye pini 16, linalokaa karibu na usukani. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Kazi yenyewe ni nyepesi kuitazama: fundi huzima swichi, huchomeka mashine ya kupimia, nayo hupata umeme kutoka pini ya 16; kisha akifungua swichi, mashine huuliza na kontroli boksi hujibu kwa herufi moja na tarakimu nne. Lakini magari mengi yaliyoundwa kwa soko la Japani yana tundu la sura ile ile, ilhali hayaifahamu lugha hiyo ya Marekani. Ndiyo sababu mashine moja hupata jibu katika gari hili na kukutana na kimya katika lile.

Hatari kubwa zaidi ni kudhani kwamba jibu ni hukumu. Chukua mfano wa P0171, unaoeleza kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta yake. Habari hiyo huletwa na sensa ya oksijeni iliyoko kwenye bomba la moshi, na fundi mwenye haraka huing'oa sensa hiyo, akamwagiza mwenye gari anunue nyingine, na taa ikarudi palepale. Shahidi aliyesema kweli ameadhibiwa, na mkosaji yungali huru: aghalabu ni bomba la mpira lililopasuka kwa mitikisiko ya barabara, au pampu ya mafuta iliyochoka.

Kadhi mwadilifu hasikii neno la shahidi mmoja akafunga kesi. Vivyo hivyo saidia fundi wa leo wa Korogwe au Handeni, akishaisoma tarakimu, na aifungue boneti, aache injini iungurume taratibu, ainamishe kichwa kama walivyofanya mafundi wa karakana za mkonge, atafute mfyonzo mwembamba wa hewa penye ufa. Akishauziba, ndipo afute kumbukumbu ya kontroli boksi na alijaribu gari mlimani. Taa isiporudi, ushahidi umethibiti, na sikio la kale limeikamilisha kazi ambayo mashine iliianza.