Asili ya Neno "Boor": Mkulima Aliyegeuzwa Tusi

Mwingereza amwitapo mwenziwe "boor", humaanisha mtu mfidhuli, asiyejua adabu za kukaa na watu. Lakini neno hilo halikuzaliwa tusi. Liliingia katika Kiingereza katika karne ya 16, kutoka Kiholanzi na lahaja za Kijerumani cha kaskazini, nalo lilimaanisha mkulima tu.

Shina lake lahusu kukaa mahali. Kiingereza cha Kale kilikuwa na neno la ukoo huo, "gebur": mkulima aliyepewa ardhi na bwana wake, akalipa kwa kazi. Waraka mmoja wa karne ya 11 wamdai siku 2 za kazi kila juma, na 3 wakati wa mavuno. Kutokana na "gebur" likapatikana "neighbour", yaani jirani. Hivyo mfidhuli na jirani ni wa shina moja.

Mkasa huu haukulipata neno hilo peke yake. Katika sheria za Mfalme Alfred, aliyetawala Wessex toka 871 hadi 899, "ceorl" alikuwa mtu huru. Fidia ya damu yake ilikuwa shilingi 200, ilhali ya mkubwa ilikuwa 1,200. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, hadhi ya wakulima wa namna hiyo ilididimia. Jina likashuka pamoja na mwenyewe: "churl" ni mtu asiye na adabu. Hali kadhalika "villain", aliyekuwa mkaazi wa shamba la bwana, leo ni mwovu.

Yadhihirika, basi, kwamba maana za maneno haya hazikuamuliwa na walioshika jembe, bali na waliokula mavuno yake. Kwa Kiholanzi "boer" amebaki kuwa mkulima. Na huko Afrika Kusini walowezi wenye asili ya Kiholanzi, ambao Waswahili huwaita Makaburu, walijiita kwa jina hilo bila haya.

Kiswahili nacho hakijasalimika, maana kina "mshamba". Mtunga kamusi afasiriye "boor" kwa neno hilo hupata kisawe chepesi, lakini huipokea na dharau iliyomo. "Asiye adabu" humhukumu mtu kwa tendo lake. "Mshamba" humhukumu kwa makazi yake. Na walimaji ndio wanaotulisha.