Paa la Kanisa katika Bonde la Mkondoa

Katika vijiji vinavyofuatana kando ya mto Mkondoa, kutoka Kilosa mjini hadi Kidete, majengo ya kanisa hutambuliwa kwa paa: la nyasi, la udongo, la bati. Kuta hazikuwa na taabu kubwa. Miti, fito, kamba na udongo vilipatikana palepale, na mikono ya kuvitumia ilikuwapo. Paa ndilo lililodai fedha, na kwa sehemu kubwa historia ya kujenga upya makanisa ya eneo hili ni historia ya nani aliyelilipia.

Bonde hili lilikuwa njia ya misafara kabla ya kuwa njia ya reli. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walilipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, wote wakifuata nyayo za wapagazi. Wamisionari wa chama cha Kianglikana cha CMS walishika njia hizohizo: walifika Mpwapwa mwaka 1876, wakafungua kituo Mamboya mwaka 1880 na Berega mwaka 1900. Mapadri Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wameanzia Bagamoyo, walifungua misioni ya Mhonda kwenye milima ya Nguru mwaka 1877.

CMS ilikuja na kanuni yake ya fedha. Henry Venn, katibu wake kuanzia 1841 hadi 1872, alishikilia kwamba kanisa changa lijitegemee, lijiongoze na lijieneze lenyewe. Kanuni hiyo ilipendeza, tena haikuwa na gharama. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru, nchi yenye vituo vya Mamboya na Berega, miaka ya 1957 na 1958 na kuchapisha kitabu chake juu ya misioni hiyo mwaka 1982, anaionyesha kuwa misioni ya watu wachache na fedha haba. Nyumba za kituo kikuu zilisimamiwa na wamisionari. Jengo la kijijini lilikuwa shauri la kijiji.

Jengo hilo lilikuwa na kazi mbili. Siku za wiki lilikuwa shule, ile iliyoitwa shule ya kichaka, na Jumapili likawa kanisa. Mara nyingi mwalimu ndiye aliyekuwa mwinjilisti, na kibao kilichoandikiwa hesabu Ijumaa kiliandikiwa namba za nyimbo Jumapili. Nyasi za paa zilidumu misimu michache, nguzo zikaliwa na mchwa, na baada ya muda nyumba nzima ilirudiwa. Kamati ya ujenzi haikuwapo, wala mfuko wa ujenzi. Kulikuwa na siku ya kukata nyasi na siku ya kukandika. Upande wa magharibi, ambako mvua hupungua na nchi huanza kufanana na Ugogo, watu walikuwa na paa la tembe, bapa na la udongo, ambalo huvumilia jua kuliko mvua ya kushtukiza.

Vita Kuu ya Kwanza ilikata mkondo huo. Wajerumani, watawala wa nchi wakati huo, waliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza na kuwakamata walimu Waafrika, na makanisa mengi yakabaki bila msimamizi. Mwaka 1927 kazi ya Waanglikana katika maeneo haya iliingia katika dayosisi mpya ya Tanganyika ya Kati chini ya Askofu George Chambers, ikitegemea zaidi Australia kuliko London. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 ukaubana nao mfuko huo wa Australia kabla haujazoeleka.

Bati lilifuata reli. Reli ya Kati ilifika Kilosa mwaka 1909, ikapanda bonde la Mkondoa kupitia Kidete na kufika Dodoma mwaka 1910. Tangu hapo mzigo wa bati na saruji uliweza kushushwa stesheni badala ya kubebwa kichwani kutoka pwani, ila bei yake ilikuwa ya ng'ambo. Uwezekano wa kijiji cha wakulima kununua bati zake wenyewe ulipanuka baada ya viwanda kujengwa nchini: ALAF ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1960, na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kilichoanza mwaka 1966. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1965, Morogoro ilipata dayosisi yake ya Kianglikana, na Gresford Chitemo akawa askofu wake wa kwanza.

Mara mbili serikali ilibadili hali ya majengo haya bila kuyagusa moja kwa moja. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misioni mikononi mwa taifa. Ule mpango wa paa moja kwa shule na ibada ukavunjika, na mitaa ya Waanglikana na vigango vya Wakatoliki vikahitaji jengo lisilo la shule. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976. Watu walihamishiwa penye barabara, shule na maji, nyuma yao wakaacha makanisa ambayo hayakuwa tena na waumini wa kutembea hadi mlangoni. Paa liliweza kuvuliwa na kubebwa. Kuta ziliachiwa mvua.

Katika miaka hiyohiyo hoja ya fedha za nje ilipamba moto barani. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limehubiri kujitegemea, na mwaka 1974 Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote mjini Lusaka ulijadili kusitisha kwa muda wamisionari na misaada yao. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki nao, katika mikutano ya shirikisho lao la AMECEA ya 1973 na 1976, walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa maisha ya parokia. Uamuzi huo wa kichungaji ulizaa pia utaratibu wa michango: hadi leo kigango kinapojenga, hesabu hugawanywa kwa jumuiya, na jumuiya iliyobaki nyuma husomwa hadharani.

Mpango wa kanisa jipya kijijini hufuata kalenda ya shamba. Mahindi, ufuta na alizeti huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, na fedha huonekana Julai hadi Septemba. Hicho ndicho pia kiangazi cha kufyatua matofali. Udongo huchimbwa karibu na korongo lenye maji, hukandwa kwa miguu, hujazwa kwenye kalibu ya mbao na kuanikwa. Matofali yakikauka hupangwa kuwa tanuri lenye matundu chini, hukandikwa udongo nje, na magogo huwashwa usiku na mchana. Tanuri moja hula kuni nyingi mno, na katika nchi inayokaukiwa miti hii ndiyo gharama ambayo haiandikwi kwenye daftari la kamati. Waumini huhesabiwa kwa nguvu kazi: mawe ya msingi, kokoto, mchanga, ndoo za maji.

Fedha taslimu hutoka kwingine. Baada ya ibada ya mavuno hufanywa mnada nje ya kanisa. Jogoo aliyefungwa miguu huuzwa, mnunuzi humrudisha mezani, huuzwa tena, na anaweza kulipiwa mara tano kabla ya kuondoka na mtu. Boga hupandishwa bei hadi lizidi gunia. Kisha kuna fomu za ahadi, ambazo ndizo sehemu dhaifu kuliko zote: ahadi ni deni, lakini deni hili halina mdai mwenye ukali. Wazawa wanaoishi Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam hupigiwa simu, na tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008 mchango wao hufika siku ileile. Mwisho kabisa huitwa harambee yenye mgeni rasmi, mara nyingi mwanasiasa. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ilitungwa kudhibiti fedha za kampeni. Hata hivyo mabati ya mgeni rasmi yanafahamika sana karibu na mwaka wa uchaguzi.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kukadiria kuta bila paa. Mchango wa mwaka wa kwanza huishia kwenye lenta, kenchi na bati zikasubiri mavuno yajayo, mavuno yakawa mabaya, na boma likasimama wazi masika mawili au matatu. Kamati zenye uzoefu hugeuza hesabu: hununua bati kwanza, geji 28 ikiwezekana badala ya 30 iliyo nyembamba, na kuziweka stoo kabla ya kuchimba msingi. Bati haziozi, na fedha iliyokwisha kuwa bati si rahisi kuazimwa.

Mto nao una kauli yake. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaling'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, yakaharibu bwawa la Kidete na kuacha maelfu ya watu wa wilaya ya Kilosa bila makazi. Nyumba ya miti na udongo huyeyuka ndani ya maji, na hata tofali bichi. Tangu hapo kiwanja cha mwinuko na msingi wa mawe ulioinuliwa ni jambo la kwanza katika mipango ya bondeni. Kiwanja chenyewe huombwa kwa halmashauri ya kijiji, kwa kufuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na mali ya kanisa huandikwa kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, si kwa jina la mchungaji wala la mwenyekiti wa kamati.

Ujenzi ukianza, kanisa la zamani halibomolewi. Msingi mpya huchimbwa kulizunguka, kuta mpya hupanda nje ya kuta za zamani, na Jumapili watu husali ndani ya nyumba iliyo ndani ya nyumba. Ikifika siku ya kupaua, la ndani hubomolewa na kifusi chake hujaza jamvi. Bati za zamani hung'olewa moja moja, hunyooshwa misumari, na kutumiwa kuezekea jiko la mwinjilisti.