Waliokiri Mbele ya Hakimu

Kati ya 1986 na 1987, watu zaidi ya 70 walifungwa nchini Kenya kwa kuhusishwa na Mwakenya, chama cha siri kilichoipinga serikali ya Rais Daniel arap Moi. Karibu wote walikiri makosa, tena mahakamani, mbele ya hakimu. Hilo ndilo linalotisha, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba ungamo la uongo ni la chumba cha polisi na hufichuka likifika kortini. Washtakiwa hawa walitolewa kwenye seli za chini ya jengo la Nyayo House, Nairobi, ambako watu walipigwa, wakanyimwa chakula na kufungiwa ndani ya maji kwa siku kadhaa. Wakafikishwa kortini bila wakili, mara nyingi jioni, wakasomewa mashtaka, wakasema ni kweli, wakahukumiwa. Yote kwa dakika chache. Hakuna shahidi aliyehojiwa, maana aliyekwisha kukiri hathibitishiwi kosa. Na kila mmoja alijua akikana atarudishwa wapi.

Wapo wanaosema Mwakenya ilikuwepo, ilisambaza maandishi yake, na baadhi ya waliofungwa walikuwa wanachama kweli. Sawa. Lakini mateso humtoa mwanachama na asiye mwanachama maneno yale yale, na mahakama iliyoridhika na maneno hayo haikuwa na njia ya kuwatenganisha. Wengine hutetea kwamba mahakimu hawakujua. Sheria ilitaka mtuhumiwa wa makosa ya aina hiyo afikishwe kortini ndani ya saa 24. Wengi walikuwa wameshikiliwa kwa wiki kadhaa. Tarehe ya kukamatwa pekee ingetosha kuzua swali. Waliouliza nao walilipa: Februari 1987 wakili Gibson Kamau Kuria alitoa notisi ya kuishtaki serikali kwa mateso ya wateja wake, naye akawekwa kizuizini.

Mwaka 2003 Sheria ya Ushahidi ilirekebishwa ili ungamo lisikubaliwe ila likitolewa mahakamani. Yalikuwa marekebisho ya lazima, lakini yasingewasaidia wale, kwani wao walikiri hukohuko mahakamani. Julai 2010, Jaji Hatari Waweru aliamuru waathirika 21 wa Nyayo House walipwe fidia, lakini fidia huja baada ya madhara. Kwa hiyo kabla hakimu hajaandika kwamba mshtakiwa amekiri, na amuulize alikamatwa lini, amelala wapi, na kama ameonana na wakili.