Somo la Hesabu na Historia: Kutoka Katikati Hata Mwisho

Shikeni kalamu na daftari.

Tuanze shambani. Kamba imefungwa kwenye mgomba na kuvutwa ikanyoka. Katikati kabisa pana fundo. Mwisho wa pili umefichwa na majani. Toka mgomba hata fundo ni hatua 6. Je, mwisho wa pili uko wapi? Usigeuke, pita fundo, uende hatua 6 nyingine. Hapo utaupata.

Sasa tutelemke kusini, hata Ziwa Nyasa. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mipaka. Wenyeji wa ziwa hawakuulizwa. Mapatano yale yalisema kuwa mpaka ufuate ukingo wa ziwa, mashariki, kaskazini na magharibi, hata mlango wa mto Songwe. Basi maji yote yakawa upande wa Waingereza. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilidai kuwa mpaka upite katikati ya maji. Rais Banda wa Malawi alikataa. Mwaka 2012 ugomvi huo ulizuka tena, baada ya Malawi kuruhusu mafuta yatafutwe ziwani.

Katikati ya maji maana yake nini? Ni mahali palipo mbali sawasawa na kingo mbili. Tupige mfano wa hesabu tu. Chora miraba juu ya ramani. Ukingo wa magharibi uko mraba wa 2 kwenda mashariki, na wa 3 kwenda kaskazini. Nukta ya katikati iko 5 na 4. Ukingo wa pili uko wapi? Zidisha nukta ya katikati mara mbili, kisha toa ile ya kwanza:

10 toa 2 ni 8.
8 toa 3 ni 5.

Jibu ni 8 na 5. Hakikisha: 2 na 8 ni 10, nusu yake 5, 3 na 5 ni 8, nusu yake 4.

Angalieni neno moja, ndugu zangu. Hesabu huonyesha katikati ni wapi. Haisemi kama mpaka upite katikati au ukingoni. Hilo ni la watu kupatana. Lakini mvuvi wa Kyela atupapo wavu haoni mstari majini. Mstari uko katika ramani. Ajuaye kuipima ramani ataweza kuuliza maswali juu yake.

Zoezi: mwanzo ni 1 na 6, katikati ni 4 na 5. Tafuteni mwisho. Kwaherini.