Ua la Usambara na Kivuli Chake

Kuna ua dogo la rangi ya urujuani, lenye doa la manjano katikati, ambalo nyumba nyingi za Ulaya na Marekani hulipanda katika chungu na kuliweka dirishani. Wajerumani huliita kwa jina la milima ya Usambara, lakini wengi wanaolinywesha maji kila wiki hawajui kwamba kwao ni Tanga.

Safari yake ilianza mwaka 1892. Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliliona ua hilo, akampelekea baba yake mbegu. Bwana huyo hakuwa mgeni wa Kiswahili, kwani mwaka 1890 alikwisha kuchapisha kitabu cha kuwafundishia Wajerumani lugha hiyo. Hata hivyo, mwaka 1893, Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, alipoliingiza ua hilo katika sayansi, alilipa jina la ukoo wa baroni: Saintpaulia. Mwaka 1927 wafanyabiashara wa maua wa Los Angeles, Armacost na Royston, wakatoa aina 10, na ua likaenea Marekani.

Kulipanda nyumbani si kazi nzito. Jani moja lenye kikonyo chake huchomekwa katika udongo mwepesi wenye mboji, na baada ya majuma kadhaa huchipua miche. Lataka mwanga wa asubuhi, wala si jua kali. Maji yamwagwe udongoni, yasiguse majani yake yenye vinyweleo. Tabia hizo limetoka nazo kwao, ambako huota katika nyufa za miamba, chini ya kivuli cha miti mikubwa.

Hapo ndipo penye neno. Mche utokao katika jani huwa sawa na mamaye. Vyungu elfu vyaweza kuwa ua lile lile moja. Namna zake nyingine zimebaki porini, katika milima ya mashariki ya Tanzania na katika miamba ya chokaa ya Kilifi, Kenya. Miti ikikatwa, mwamba hukauka na ua hufa. Chokaa ikichimbwa, hata mwamba wenyewe haubaki.

Mwaka 2015 wataalamu walilihamishia ua hili katika jenasi ya Streptocarpus, na jina la baroni likaacha kuwa jina la jenasi. Jina hubadilishwa kwa kalamu. Msitu hutaka umri wa watu kadhaa. Basi mwenye chungu chake barazani na akitunze, ila asidhani kwamba ameliokoa ua hilo. Uhai wake ungali katika miti iliyosimama.