Kilomita za Denti

Ukitaka kuijua historia ya nchi hii, msomaji, hebu weka kando daftari la Kidato cha Pili, uende kituo chochote cha daladala hapa Dar es Salaam saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Utawakuta madenti wamesimama makundi makundi, mashati meupe, mabegi mgongoni. Gari likija wanalikimbilia, gari linawaacha. Linakuja jingine, mchezo ni ule ule. Watu wazima wakiulizwa kulikoni husema makonda wa siku hizi hawana adabu. Jibu hilo ni la kivivu. Umbali ule una umri mkubwa kuliko konda yeyote, na kila awamu yake ilipangwa na watu waliokaa mezani wakakubaliana.

Tuanze na Mwingereza. Tunapata uhuru mwaka 1961, nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 41 tu, na wanafunzi wake hawakufika 12,000. Nchi yenye ukubwa huu! Mkoloni hakuwa na haja ya kuipeleka sekondari karibu na mtu. Alihitaji makarani wachache na watoto wa machifu watakaomsaidia kutawala, basi. Shule ya Tabora iliyofunguliwa mwaka 1925 ililengwa hasa kwa watoto wa machifu, na Julius Nyerere, mtoto wa chifu wa Wazanaki, alikwenda huko mwaka 1937 akitokea Musoma. Hakuwa na shule ya jirani ya kuchagua. Sekondari wakati ule ilikuwa jambo la kuaga: mtoto anapikiwa, anaombewa dua, anaondoka, na mama hamwoni tena mpaka likizo.

Hapa mjini mambo yalikuwa ya aina nyingine. Elimu ilikuwa imegawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Kwa hiyo shule nyingi za sekondari za mjini zilijengwa kule walikokaa Wahindi, yaani katikati ya mji na Upanga. Tambaza ya leo ilikuwa shule ya wavulana ya Aga Khan. Mwaka 1962 ubaguzi ule ukafutwa kisheria na milango ikafunguliwa kwa wote. Safi kabisa. Lakini sheria haihamishi majengo. Mji ulipovimba kuelekea Temeke, Mbagala, Ubungo, Gongo la Mboto, madarasa yalibaki pale pale yalipopandwa, na mtoto wa pembezoni akawa anavuka mji kila siku kufuata ramani aliyoichora mkoloni kwa ajili ya watu wengine.

Huko mikoani serikali mpya iliuchukua umbali ikaugeuza siasa, na naomba nieleweke, nasema siasa kwa maana nzuri. Mtoto wa Bukoba alipangiwa Songea, wa Mtwara akapangiwa Moshi. Nia ilikuwa wachanganyike wasahau ukabila. Mjomba wangu mmoja, mzaliwa wa Ilala, alipangiwa Tabora miaka ya 1970. Mpaka leo ukimgusa habari hiyo, chai inapoa. Anakumbuka mihogo ya Morogoro, karanga za Dodoma, behewa la daraja la tatu limejaa wanafunzi wanaimba usiku kucha. Ila jambo analolitaja juu juu tu ndilo lililonishika mimi: hakuwa na nauli mfukoni. Alikuwa na waranti. Karatasi ya serikali, unaionyesha stesheni, unapanda. Kutoka Dar mpaka Tabora ni kama kilomita 840 kwa reli, na kila kilomita ililipwa na Hazina.

Basi tupige hesabu kidogo, maana sisi wa fasihi tunaogopa hesabu bila sababu. Mjomba alikwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka. Hiyo ni safari nne za kilomita 840, jumla 3,360. Mimi mpwa wake nilisoma sekondari ya kutwa mjini nikitokea Mbagala. Kwenda tu ni kiasi cha kilomita 12, kurudi hivyo hivyo. Mwaka wa masomo una siku 194. Zidisha: kilomita 4,656. Mimi niliyesoma ‘hapa hapa nyumbani’, kama anavyopenda kunitania, nilisafiri zaidi ya yeye aliyekwenda Tabora. Na sikuimba njiani.

Tofauti ni kwamba umbali wake ulikuwa mzima, wangu ulikatwakatwa. Wake ulilipiwa, wangu ulikuwa wangu.

Ilikuwaje? Kisa chake kinaanzia kwenye mabasi. Kampuni ya mabasi ya mjini, DMT, ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Shirika peke yake, mji unakua, spea hazipatikani. Kufika miaka ya 1980 watu wakawa wananing’inia milangoni kama popo. Mwaka 1983 serikali ikasalimu amri ikawaruhusu watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Ndiyo hiyo daladala. Katikati ya miaka hiyo hiyo ada ya sekondari, iliyokuwa imefutwa muda mfupi baada ya uhuru, nayo ikarudi. Kisha ukafuata wimbo wa kuchangia gharama. Shule za kutwa zikaongezeka kwa sababu ni rahisi: huna haja ya kujenga bweni, huna haja ya kupika maharage. Usingizi na chakula cha mwanafunzi vikarudishwa kwa mama yake. Safari ikarudishwa kwa nani? Kwa konda.

Hapa naomba utulie, ndugu yangu, maana ndipo mzizi ulipo. Serikali haikumwacha denti hivi hivi, iliamuru alipe nauli pungufu. Mwaka 2013 mtu mzima alipangiwa shilingi 400 kwa safari fupi za Dar, mwanafunzi 200. Mwisho wa mwaka 2023 mtu mzima alipandishwa mpaka 600, mwanafunzi akabaki kwenye 200 ile ile. Ni huruma, sikatai. Lakini jiulize, ile 400 inayobaki inatoka mfuko gani? Haitoki Hazina. Inatoka kwenye gari la mtu ambaye jioni dereva anatakiwa kumpelekea hesabu kamili. Dereva ni deiwaka, konda hana mkataba, mafuta yamepanda. Wakibeba madenti watatu wamepata nauli ya mtu mzima mmoja. Kwa hiyo msamaha umetolewa na mkubwa, anaulipa mdogo, na huyo mdogo anautoza kwa mtoto mdogo zaidi: anamlipisha kwa kumsimamisha kituoni.

Nayajua malipo hayo. Nilikuwa naamka saa kumi na nusu alfajiri. “Denti wawili tu!” konda anapiga kelele, na sisi tuko ishirini. Wakubwa wanageuza na gari, yaani wanalipanda likielekea mwisho wa njia ili lirudi wakiwa wamekaa. Sisi tungegeuza tungelipa mara mbili, na hela ya pili haipo. Ukibahatika kuingia, marufuku kukaa, hata kiti kikiwa kitupu. Kisha unafika getini saa moja na robo, mwalimu wa zamu anakungoja na fimbo kwa kosa la kuchelewa. We acha tu. Mara nyingi nimefikiri kwamba fimbo zile zilikosa anwani.

Wenzetu wa kike bei yao ilikuwa nyingine. Konda aliyetufukuza sisi alikuwa na nafasi kwa msichana fulani, leo bure, kesho bure, na siti ya mbele. Kuna wenye magari madogo pia, ‘panda nikusogeze’. Nilisoma na wawili walioacha shule namna hiyo. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa mmoja: ukipata mimba unafukuzwa. Mpaka Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Kwenye kumbukumbu za shule huandikwa ‘mimba’. Sijawahi kuona paliandikwa ‘kilomita 12’.

Najua utaniuliza habari za shule za kata. Ni kweli, na ni kazi kubwa. Mpango wa maendeleo ya sekondari ulianza mwaka 2004, na alipokuja Waziri Mkuu Edward Lowassa akaukazia kamba. Wanavijiji wakasomba mawe na mchanga, wakachangishwa wapende wasipende. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari kama 1,700, mwaka 2010 zilizidi 4,000. Mwaka 2016 ada ikafutwa katika sekondari za serikali mpaka kidato cha nne. Wanaozicheka shule hizi kwa uhaba wa walimu wana haki ya kusema, ila wengi wao hawakuwahi kukosa shule kabisa.

Lakini kata si mtaa, bwana. Huko vijijini kata moja ina vijiji kadhaa, na shule inajengwa kijiji kimoja. Nilikwenda Lindi, kwao na mama, nikakuta kitu ambacho hata jina lake limetoka mjini: mageto. Wanafunzi wa sekondari wamepanga vyumba vya udongo karibu na shule, watatu watatu, wana umri wa miaka kumi na nne, kumi na tano. Mkeka, ndoo, mafiga matatu, kibatari, daftari za Bailojia zimepangwa juu ya gunia. Hakuna mlezi, hakuna matroni. Hili ni bweni ambalo halimo katika bajeti ya mtu yeyote.

Nikamuuliza binti mmoja aliyekuwa anapepeta mchele, kwao ni mbali kiasi gani.

“Kwa mguu, kaka, ukitoka saa tisa usiku unakuta wenzio ndo wanaingia mstarini,” akasema. “Na njiani kuna pori.”

Chumba kinalipiwa kwa hela ya korosho za baba yake. Msimu ukiwa mbaya, wanahama watano chumba kimoja. Ijumaa wakitoka darasani anakwenda nyumbani kufuata unga, Jumapili anarudi nao kichwani, na safari hiyo huifanya pamoja na wenzake wanne ili wakifika porini wawe wengi.